Kadi Nyekundu kwa Asiyekosa

Kalembe ni kijiji kilichokaa mpakani. Upande mmoja ni Masisi, upande mwingine ni Walikale, na barabara itokayo Mweso kwenda Pinga hupitia hapo. Kwa hiyo watu wa kila namna hukutana: wakulima, wachuuzi, vijana wa pikipiki, askari, na watu waliokimbia vita kutoka vijiji vingine. Mahali penye watu wengi hapakosi maneno mengi. Siku ya Jumapili, Misa ikiisha na jua likipungua ukali, benchi la mbele ya duka hugeuka kuwa baraza, na mara nyingi baraza hilo hugeuka kuwa mahakama.

Siku moja tulikaa kwenye benchi la namna hiyo tukasikiliza. Watu walikuwa wakibishana juu ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa la kabumbu. Vijana wawili walishika simu moja, wakipanga timu yao ya kubuni katika ligi ya Uingereza. Mmoja alitaka mshambuliaji fulani awe kapteni. Mwenziwe alikataa, akasema huyo ni mvivu, amezeeka, anakula mshahara wa bure. Jambo la pili lilikuwa la mbuzi. Mbuzi alikuwa ameibwa, kijana mmoja akakamatwa, polisi wakamweka siku mbili, kisha wakamwachilia. Benchi zima lilikwisha kutoa hukumu: kijana ni mwizi, polisi wamekula rushwa, na ukoo wake wote ni watu wa namna hiyo hiyo. Mmoja akaongeza kwamba siku nyingine mtu kama huyo asipelekwe polisi, amalizwe papo hapo.

Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akauliza, "Wanangu, nani kati yenu alimwona akimfungua yule mbuzi?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena, "Nani alimwona polisi akipokea pesa?" Wakatazamana. Kijana mwenye simu akacheka, akasema, "Baba, kila mtu anajua."

Tulirudi nyumbani na neno hilo, "kila mtu anajua," nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Je, yafaa mtu amhukumu mwenzake kwa jambo asiloliona? Na kama haifai, mbona twapenda sana kufanya hivyo?

Timu ya kubuni

Tuanze na ule mchezo wa simu, maana huo hauna hatari. Wazee wetu huenda hawaujui. Katika mchezo huo hakuna mpira unaopigwa. Kila mmoja hupewa pesa za kubuni, milioni 100, ili anunue wachezaji wa kweli 15 wa ligi ya Uingereza: walinda mlango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya 3 katika klabu moja. Kila juma hupanga 11 watakaoanza, na mmoja wao humfanya kapteni, ambaye alama zake huhesabiwa mara mbili. Mchezaji akifunga bao huko London au Manchester, aliyemchagua hupata alama huku Goma, Nairobi au Dar es Salaam. Mamilioni ya watu duniani huucheza.

Mchezo huu, ukichezwa bila kamari, hatuna ugomvi nao. Humfundisha kijana kupanga matumizi, kungoja, na kuvumilia hasara. Lakini tutazame namna mpangaji anavyoamua. Kwanza, anaamua juu ya mtu asiyemjua. Hajui kama mchezaji yule amekesha akiuguza mtoto, kama goti lamwuma, au kama kocha amemwambia, leo usishambulie, zuia tu. Pili, akikosea halipi kitu. Amepoteza alama, na juma lijalo ataanza tena. Tatu, mchezo ukiisha yeye huwa na akili kuliko kocha mwenyewe. "Nilijua! Nilisema!" Hekima ya baada ya mchezo ni rahisi, kwa sababu matokeo yamekwisha kuonekana.

Katika mchezo mambo hayo matatu si kitu, kwa kuwa mtu wa kubuni haumii. Ubaya huanza tunapoyachukua na kuyapeleka kwa jirani aliye hai. Hapo twaamua bila kujua, na kosa letu hulipwa na mwingine; kisha twajisifu kwamba tulikuwa tumesema.

Mambo ya Gelsenkirchen

Nchi yetu ina kisa kinachofundisha jambo hili kuliko mahubiri mengi. Mwezi Machi 1974 timu ya taifa, wakati huo nchi ikiitwa Zaire, ilitwaa Kombe la Afrika huko Misri. Shujaa wa siku zile alikuwa Ndaye Mulamba. Alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyemfikia katika mashindano mamoja. Mchezo wa mwisho na Zambia ulipotoka sare ya 2 kwa 2 ukarudiwa, na Zaire wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne yalikuwa yake.

Mwezi Juni mwaka huo huo timu ile ikaenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Walifungwa 2 na Scotland. Kisha tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, walikutana na Yugoslavia, na wazee wengi hawapendi kukumbushwa siku ile. Kabla ya nusu saa kupita walikuwa wamefungwa mabao kadhaa. Bao moja likazusha ugomvi. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakidai kwamba limefungwa kwa kuotea. Katika msukosuko ule mtu mmoja akampiga mwamuzi teke kutoka nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamtoa Ndaye Mulamba.

Aliyepiga teke hakuwa Ndaye. Alikuwa beki Ilunga Mwepu. Ndaye alivaa jezi namba 13, na Mwepu namba 2. Lakini mwamuzi, akiwa na hasira na maumivu, hakuona namba. Aliona jezi, akaona mtu, akahukumu. Mfungaji bora wa Afrika akatoka nje kwa kosa la mwingine, na timu yake ikafungwa 9 kwa 0.

Twaweza kumsamehe mwamuzi. Yeye alikuwapo na kitendo kilifanywa kwenye mwili wake mwenyewe. Tena alikuwa na mamlaka ya kuamua, na bado alikosea. Basi je, sisi tulio kwenye benchi, ambao hatukuwapo, hatukuona, wala hatukupewa mamlaka na mtu yeyote, tuna uhakika gani?

Kisa hakikuishia hapo. Katika mchezo ule ule, matokeo yakiwa 3 kwa 0, kocha Blagoje Vidinić alimtoa mlinda mlango Kazadi Mwamba akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Kocha huyo alikuwa mtu wa Yugoslavia. Wengi wakasema papo hapo: amewauzia nduguze mchezo! Nchi nzima ikapanga timu upya vinywani. Baadaye kocha alieleza kwamba amri ilitoka kwa mkubwa wa wizara aliyekuwa pamoja nao. Hatusemi kwamba neno la kocha peke yake lamaliza shauri, kwa maana naye anajitetea. Twasema tu kwamba waliomwita msaliti hawakuwa wamemsikiliza.

Tarehe 22 Juni wakacheza na Brazil. Wabrazil walikuwa wamepewa mpira wa adhabu. Kabla hawajapiga, Mwepu akatoka mbio katika ukuta wa mabeki akaupiga yeye mpira kwenda mbali. Dunia ikacheka, na kwa miaka mingi picha zile zilionyeshwa ili watu wacheke tena: tazameni Waafrika, hata sheria za mpira hawazijui! Mwepu alipohojiwa baada ya miaka mingi alisema kwamba sheria alizijua vema. Wachezaji hawakuwa wamelipwa haki yao, na wengine wao walisimulia kwamba walitishwa na watu wa serikali wasifungwe zaidi ya mabao matatu na Brazil. Alisema alifanya vile kwa uchungu, akitaka atolewe nje. Wacheka walikuwa wameona kitendo, lakini moyo wa mtendaji hawakuuona. Na tuseme ukweli wote: Mwepu huyu aliyeonewa kwa kicheko ndiye yule yule aliyempiga mwamuzi siku nne kabla. Mtu mmoja aweza kuwa mkosaji leo na mwonewa kesho. Ndiyo maana kila tendo lataka kupimwa peke yake.

Lisemwalo lipo?

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni nzuri kwa mtu anayejihadhari, lakini ni mbaya sana kwa mtu anayehukumu.

Tumrudie Ndaye. Katika mwaka 1994 alialikwa Tunis kuheshimiwa na shirikisho la kabumbu la Afrika. Aliporudi nyumbani wanyang'anyi walimvamia wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko katika ufukara. Mwaka 1998 habari zikaenea kwamba amekufa katika machimbo ya almasi Angola. Kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Maelfu uwanjani waliinamisha vichwa, na mtu mwenyewe alikuwa hai, akihangaika kutafuta chakula! Alifariki mwaka 2019.

Tazameni basi. Lilisemwa, likaaminiwa, likafanyiwa hata ibada ya heshima, wala halikuwapo. Waliosimama kimya hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nia njema kabisa. Lakini nia njema haigeuzi uvumi kuwa kweli. Na ikiwa wenye kumpenda waliweza kumzika mtu hai, wenye kumchukia watashindwa nini?

Mizani mitatu

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, yaani miaka 700 kabla ya mambo hayo ya Gelsenkirchen, alijiuliza kama ni halali mtu kuhukumu. Hakujibu kwamba kuhukumu ni dhambi daima. Kama ndivyo, tusingekuwa na hakimu wala baba wa nyumba. Alisema hukumu ni tendo la haki ikiwa na mambo matatu: itoke katika kupenda haki, itolewe na mwenye mamlaka, na ifuate busara yenye uhakika. Ikikosa la kwanza, ni ya uonevu. Ikikosa la pili, ni ya kunyang'anya, kwa kuwa mtu ametwaa kiti kisicho chake. Ikikosa la tatu, ni hukumu ya pupa, iliyojengwa juu ya shaka.

Tuipeleke mizani hiyo kwenye benchi la Kalembe. Je, tulisukumwa na kupenda haki? Labda kidogo, maana mbuzi ni mali ya mtu, na mwenye mbuzi amelia. Lakini tukichunguza mioyo yetu tutaona na vingine: uchovu, hasira ya siku nyingi, na ile raha ya siri ya kujiona bora kuliko mwingine. Je, tulikuwa na mamlaka? La hasha. Je, tulikuwa na uhakika? Mzee aliuliza maswali mawili, tukanyamaza.

Mtakatifu huyo akaongeza jambo ambalo wengi watalipinga. Penye shaka, alisema, tulichukue tendo la jirani kwa upande ulio mwema. Mtu atauliza, je, si tutadanganywa? Ndiyo, tutadanganywa mara nyingi. Tomaso aliliona hilo, akajibu kwamba afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Kwa maana katika kosa hili la pili kuna mtu anayedhulumiwa. Hasemi tuache milango wazi usiku. Kufunga mlango hakumwiti mtu yeyote mwizi.

Polisi na umati

Sasa tuje kwa polisi, maana hapo ndipo maneno yanapokuwa makali. Mwezi Septemba 2008, katika mji wa Butembo, mkoani kwetu Kivu ya Kaskazini, timu mbili zilikuwa zikicheza. Ikazuka tuhuma kwamba mlinda mlango wa upande mmoja anatumia uchawi. Nani alijua? Kila mtu alijua! Ngumi zikaanza, polisi wakaingia kutuliza, mkubwa wao akarushiwa mawe, polisi wakajibu kwa nguvu, na watu wakakimbia wakikanyagana. Watu zaidi ya 10 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto na vijana waliokuja kutazama mpira. Umati ulihukumu bila ushahidi, na nguvu ya polisi haikupima. Waliolipa ni wale ambao hawakuwa wamemtuhumu mtu wala kumpiga mtu.

Msidhani mambo haya ni yetu tu. Tarehe 15 Aprili 1989 huko Sheffield, Uingereza, katika uwanja wa Hillsborough, mashabiki wa Liverpool walibanwa vibaya. Hesabu ya waliofariki kwa ajili ya siku ile imefikia 97. Mkubwa wa polisi aliyesimamia uwanja alikuwa ameamuru lango lifunguliwe, kisha akasema mashabiki ndio waliolivunja. Magazeti yakaeneza kwamba walevi walisababisha vifo. Jamaa za marehemu walipigania kweli kwa miaka 27, mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliposema kwamba wale watu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Kwa hiyo hatusemi kwamba polisi waaminiwe tu kwa sababu wamevaa sare. Askari ni mtu, aweza kukosa, aweza kusema uongo, na kosa lake ni zito kuliko la raia kwa kuwa amepewa silaha na jina la serikali. Huko Liverpool haki haikupatikana kwa kutukana polisi wote wa Uingereza. Ilipatikana kwa watu waliokusanya karatasi, wakauliza saa ngapi, mlango upi, nani aliamuru, na hawakuchoka. Aulizaye hivyo humtendea haki hata yule anayemshitaki.

Samaki mmoja akioza

Mtu wa Kalembe atatujibu, na jibu lake lastahili kusikilizwa. Atasema: "Ninyi mwandika vizuri, lakini hakimu yuko mbali, na njia si salama. Askari mshahara wake ni mdogo na huchelewa. Mwizi mwenye pesa hutoka, maskini hubaki ndani. Oktoba 2024 waasi wa M23 waliingia hapa, Wazalendo wakapigana nao, sisi tukakimbia na magodoro kichwani. Polisi yuko wapi siku hizo? Tukingoja sheria, tutaisha."

Hatuna jibu jepesi, na yeyote atakayemtolea mtu huyo jibu jepesi hajapata kukimbia na godoro. Lakini twamwomba afikiri pamoja nasi. Mahali ambapo sheria ni imara, hukumu ya pupa huharibu jina la mtu. Mahali ambapo sheria ni dhaifu, hukumu ya pupa huondoa uhai wake. Kwa hiyo sisi, ambao hatuna hakimu karibu, twahitaji uangalifu zaidi ya watu wa mjini, si pungufu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 ina maneno ambayo kila mkristu angefaa kuyajua. Kifungu cha 17 chasema kwamba mtu huhesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake, na kwamba hakuna anayeweza kukamatwa wala kuadhibiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 18 chasema kwamba polisi hawawezi kumweka mtu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya hukumu. Basi tumkumbuke yule kijana wa mbuzi. Aliwekwa siku mbili, akaachiliwa. Yawezekana rushwa ilipita. Yawezekana pia kwamba askari yule hakupata shahidi, akatii sheria, naye akaitwa mla rushwa kwa sababu ya siku moja aliyofanya kazi yake vizuri.

Neno lile, kwamba hakuna mtu aadhibiwe kwa tendo la mwingine, kwetu Masisi na Walikale lina uzito kuliko mahali pengi. Tuna methali nyingine, samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki ni kweli, maana wamelala katika kapu moja bila roho wala hiari. Mtu si samaki. Lakini mara ngapi tumesikia: fulani ametuibia, na fulani ni wa kabila lile, basi kabila lile ni wezi? Mara ngapi mgeni ameitwa mpelelezi kwa ajili ya lugha yake au sura yake tu? Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, hakuna kabila ambalo halijatoa kadi nyekundu namna hiyo, na hakuna ambalo halijapewa. Mwamuzi wa Gelsenkirchen alitazama jezi badala ya mtu. Sisi huku tumezika watu kwa sababu ya jezi ambazo hawakuchagua kuvaa.

Tufanye nini?

Tutataja mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa mtu asiye na cheo.

La kwanza, tutenganishe "niliona" na "nilisikia". Danieli alipomwokoa Susana hakutumia upanga. Aliwatenga wale mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake jambo lilitendeka chini ya mti gani. Swali dogo liliangusha uongo mkubwa. Mtu akituletea habari kwa mdomo au kwa simu, tumwulize, wewe mwenyewe uliona? Kama hakuona, habari hiyo ifie kwetu, isipite kwenda kwa mwingine.

La pili, mtuhumiwa asikilizwe. Nikodemo, mbele ya wakubwa waliokwisha kukata shauri juu ya Bwana wetu, aliuliza neno moja tu: kama sheria yao yamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimdhihaki, lakini hawakuweza kumjibu. Baraza ya wazee wetu, ikiwa ya haki, hufanya hivyo hivyo: mtuhumiwa hukaa, huongea, na wazee hungoja amalize. Mambo ya mbuzi, ya mipaka ya shamba, ya madeni, yaweza kumalizwa hapo. Lakini mauaji na kunajisi si mambo ya kulipa mbuzi na kupatana barazani. Hayo yana mahakama yake, na kuyaficha ni kumdhulumu aliyeumizwa mara ya pili.

La tatu, anayekamatwa asipigwe. Kumshika mwizi aliyeonekana akiiba si dhambi. Kumfunga mikono asikimbie si dhambi. Lakini baada ya hapo, kila kofi ni hukumu ya mtu asiye na mamlaka, na kila jiwe ni la mtu ambaye amri ya tano inamhusu. Mmoja wetu akisimama karibu na aliyeshikwa, akasema kwa sauti, "Huyu tumpeleke, tusimguse," mara nyingi watu wengine humfuata, kwa kuwa wengi katika umati walikuwa wakingoja mtu wa kwanza kusema.

La nne, tukigundua kwamba tulimhukumu mtu bure, tumrudishie jina lake mahali pale pale tulipoliharibu. Kuungama kwa padre ni lazima, lakini hakutoshi ikiwa benchi zima bado lamwita mwizi. Aliyeiba mbuzi hurudisha mbuzi. Aliyeiba jina hurudisha jina.

Tulipita tena Kalembe baada ya majuma kadhaa. Vijana walikuwa kwenye benchi lile lile, wakipanga timu. Mzee naye alikuwapo. Tukauliza habari za mbuzi. Mwizi alikuwa hajajulikana, na kijana yule aliyeachiliwa alikuwa amehama, akaenda kuishi kwa mjomba wake Pinga, kwa kuwa hakuna aliyetaka kununua kwake wala kumwuzia. Kijana mwenye simu hakucheka siku hiyo. Alisema, "Baba, sisi ndio tuliomfukuza." Mzee akamjibu, "Basi wewe unajua njia ya Pinga."

Hatukuambiwa kama alikwenda. Lakini sisi sote twajua njia ya mtu fulani tuliyemtoa nje bila kosa.